Makande ya Msaragambo

Suji,
14 Novemba 2023

Dada yangu Raheli,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Ernesta, anashuka kwa miguu na kikapu chake cha tangawizi mpaka barabara kuu. Gari halipandi huku tangu mlima uporomoke, mnara wa simu umelala bondeni, na simu yangu niliipasua juu ya jiwe siku ya mazishi. Ile kengele ya kumwamsha Evance aende shule ililia wakati tunashusha jeneza.

Tumemzika. Najua ulikuwa unamngoja huko hospitalini. Tulimbeba kwenye machela mimi na jirani yangu Loth, mvua inatupiga, na mwanangu anazidi kuwa mwepesi mikononi kwa sababu kila kilichokuwa ndani yake kilikuwa kinatoka kwa nyuma, maji, halafu damu. Alisema, "Baba, kiu." Nikampa maji, yakatoka. Tulipofika kwenye maporomoko nikaona Loth ameacha kutembea, ananitazama. Tukageuka na mwili wake. Kesho yake akafa mzee Erasmo, baba yake Loth. Watu wawili, Raheli, na kijiji kizima kilikuwa vichakani kinashika tumbo, mimi nikiwemo.

Sasa nikuambie nani kafanya. Tulikuwa na msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia lilikuwa limejaa tope. Mwaka huu msimamizi ni mimi. Makande yalipikwa jioni ya kuamkia, na mpishi akawa yule mjane Blandina, kama kila msaragambo. Yalipoiva tulionja wote, mimi, Loth, mzee Erasmo, na Evance alikula bakuli zima kwa sababu yalikuwa na supu ya mifupa. Hakuna aliyeumwa hata kidole. Asubuhi, sufuria ile ile, makande yale yale, watu wakala, na kufikia jioni wakaanza kuanguka. Kilichobadilika ni nini? Ni usiku tu. Na usiku sufuria ililala jikoni kwa Blandina. Na asubuhi yeye hakula, eti harufu ya kupakua imemshibisha!

Usiniambie labda uchafu uliingia. Sufuria niliifunika mimi kwa mikono yangu. Nilitandika majani ya mgomba, nikaweka mfuniko, nikaukandika ukingo wote kwa udongo, nikaivisha magunia ya kahawa na kuiachia makaa chini, maana nilitaka watu wangu wale kitu cha moto kabla ya kushika jembe. Asubuhi niliifungua mwenyewe, udongo wa ukingoni mzima, ina uvuguvugu mzuri. Blandina akataka kuwasha kuni aichemshe tena. Nikamkataza, baragumu lilikuwa limeshalia na watu wamepanga mstari. Sasa ndiyo naelewa moto ule ulikuwa wa nini. Alitaka sumu yake ichanganyike vizuri.

Makaburini nilimpiga kofi. Akainuka. Nikampiga lingine, hakuinuka upesi.

Ernesta amebeba makombo kwenye chupa ya asali. Yapime huko maabara kwako. Nataka karatasi yenye mhuri, iandikwe ni sumu gani. Nikiipata nitamkata kwa panga langu, kisha nitaoga, nitavaa suti ya harusi, nitashuka Same kujipeleka polisi mwenyewe.

Mke wangu Irine hasemi. Anakaa tu.

Ndugu yako,
Sifael


Same,
17 Novemba 2023

Sifael, mdogo wangu,

Marahaba. Niliisoma barua yako nimesimama, nikamalizia nimekaa kwenye sakafu ya maabara na tumbo langu hili, mpaka wenzangu wakadhani uchungu umenianza. Nilikuwa nimemtandikia Evance kitanda cha dirishani. Kile kitanda sikumruhusu mtu akilalie siku nzima. Ningekuwa mzima ningepanda huko kwa magoti, lakini nimebakiza wiki chache kujifungua na daktari amenizuia hata ngazi za hapa hospitalini.

Pole, baba. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Sasa nisikilize kama ulivyokuwa unanisikiliza nikikufundisha hesabu pale jikoni kwa mama. Hakuna sumu ya mtu kwenye makande. Wagonjwa waliobebwa mpaka huku tuliwapima wote, na makombo yako nimeyaotesha kwenye sahani za maabara. Kilichoota ni bakteria mmoja mwenye umbo la kijiti, amejaa kama mchanga. Yuko kwenye udongo, yuko kwenye matumbo ya ng'ombe, yuko kwenye mifupa ile ya supu. Si mgeni huko, na akiwa mchache hana madhara kwa mtu.

Ubaya wake ni kuongezeka. Bakteria hana mume wala mke, hana mimba. Anakula, ananenepa, halafu anakatika katikati na kuwa wawili, na hakuna mzazi anayebaki pembeni, wote ni wapya na wote wana njaa. Akipata uvuguvugu anaoupenda, huyu wa kwenu anajigawa kwa muda ambao wewe unachemsha maji ya chai. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, wanne wanane. Mwanzoni unaona mchezo. Ikipita saa moja ni sitini na wanne. Saa ya pili wamevuka elfu nne. Saa ya tatu wamevuka robo milioni, na hapo tumeanza na mmoja tu, Sifael, na usiku wa Suji ni mrefu.

Ndiyo maana jioni mlionja mkapona. Jioni walikuwa wachache. Asubuhi mlikula jeshi, nalo likafika tumboni likamwaga sumu yake humo humo. Watu wazima wengi huharisha siku moja, kisha hupona. Evance alikuwa ametoka kwenye malaria wiki ile, na mzee Erasmo alikuwa amekwisha kwa umri.

Kilichobadilika usiku ule ni hesabu. Hakuna aliyeingia na kitu mkononi. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba udongo wa ukingoni uliukuta mzima asubuhi. Angeweka sumu kupitia wapi?

Nani alifanya nini na sufuria, tuyaache hayo. Joto ndilo lililofanya. Mwombe radhi Blandina na umpelekee kitu cha moto. Alimpokea Evance siku anazaliwa, umesahau?

Dada yako anayekupenda,
Raheli


Suji,
20 Novemba 2023

Dada Raheli,

Shikamoo. Umesoma mpaka umesahau moto! Makande yale yalitokota kutwa nzima, maharage yakapasuka, mahindi yakatoa ndimi. Mdudu gani anakaa kwenye maji yanayochemka kutwa akatoka mzima kwenda kuzaa? Hata mama asiyejua kusoma alikuwa anatuchemshia maji ya kunywa kwa sababu moto unaua. Na sasa wewe, mwenye koti jeupe, unaniambia mdudu asiye na mume wala mke kazaa jeshi usiku mmoja na kumuua mwanangu. Nilimsomea Loth barua yako. Alicheka mpaka akalia, halafu akalia kweli.

Udongo ulikuwa mzima, ndiyo. Mtu anayejua kuua anajua na kukandika.

Nikueleze tulipofikia. Tulianza wawili, mimi na Loth. Nikasema kila mmoja alete mmoja anayemwamini, na huyo aliyeletwa naye alete wake. Siku ya kwanza tulikuwa tunaenea kwenye benchi. Jana hatukuenea uani. Leo tumejaza njia kutoka kwangu mpaka kwenye ndiva, wengine hata siwajui, wametoka vitongoji vya juu na fimbo zao. Wengi hawakufiwa. Waliharisha tu, lakini wana hasira kunizidi mimi.

Tulikwenda kwa Blandina mchana kweupe, sikutaka iwe kificho. Ng'ombe wake wa maziwa tulimkata mishipa ya miguu ya nyuma. Alikaa chini kama mtu, akaanza kulia, na Blandina akalia naye. Tukamlaza mama huyo kifudifudi, kisha chali. Nilikuwa nimebeba udongo wa kaburi la Evance kwenye kofia yake ya shule. Nikamlisha. Nilimsukumia kwa kidole mpaka kooni, akaniuma, nikasukuma tena. Alikuwa ananitazama machoni na mimi nilitaka anitazame. Alipopata pumzi akasema, "Sikuweka kitu, Sifa." Ananiita Sifa, kama nilivyokuwa mtoto! Nikampiga teke la mbavu kwa ajili ya jina hilo.

Usiku sipati usingizi nisipoyafikiria mambo kama haya. Ndiyo hali yangu. Nakuandikia kwa kuwa huna njia ya kupanda kunizuia.

Acha kunifundisha. Andika sumu.

Sifael


Same,
22 Novemba 2023

Sifael,

Nimetapika. Sijui kama ni mimba au ni kofia ya Evance.

Nimekwenda polisi na barua yako mkononi. Ndiyo, nimekushtaki, kunja ngumi kama unataka. Watapanda mara maji yakipungua pale kwenye maporomoko. Mpaka wakati huo Blandina hana mtu ila wewe, na hilo ndilo linalonitisha.

Umeuliza swali la haki nami nalijibu. Moto unaua, kweli. Lakini bakteria huyu ana ujanja. Akihisi moto anajikunja, anajijengea ganda gumu na kulala ndani yake, kama mbegu ya mchicha inavyokaa darini kiangazi kizima ukidhani imekufa. Kuchemka kwa jikoni hakumalizi maganda yote. Moto ukipungua, chakula kikafika uvuguvugu, anapasua ganda na kuamka, na anakuta wadudu wengine wote waliokuwa wanagombania chakula naye wamekufa kwa moto. Sufuria nzima yake peke yake. Hewa haitaki, hivyo ndani kabisa chini ya mfuniko ndipo anapostawi. Anakawia kidogo, anazoea, kisha anaanza kujigawa. Ila ukiichemsha tena asubuhi kabla ya kula, wakati wameshatoka kwenye maganda, wanakufa karibu wote. Wakati huo ni laini.

Hapo nanyamaza. Kuna jambo moja sijaliandika, na nikiliandika halitafutika. Nakuomba usinilazimishe.

Kuhusu watu wako. Umeandika kwa mkono wako kwamba kila mmoja alete mmoja. Ulisoma ulichoandika? Mimi nawaona hao kila siku chini ya darubini. Wakipata kitu cha kula hawaulizi ni nini. Sahani yangu ina ukingo, wanaijaza mpaka kwenye ukingo, chakula kinakwisha, wanaanza kufa kwenye uchafu wao wenyewe, na aliyeanza hana heshima yoyote kuliko aliyekuja mwisho. Loth amefiwa na baba. Anataka mtu wa kupiga. Ukimwondolea Blandina atatafuta mwingine, na hutaweza kuwaambia rudini nyumbani, kwa sababu wengi wao hukuwaita wewe.

Rudi nyumbani kwa Irine. Mwache mama huyo.

Raheli


Suji,
25 Novemba 2023

Raheli

Usijali mwandiko.

Tumechoma nyumba. Ilikuwa ya mbao, ikawaka haraka, mabati yakaanguka ndani. Kimebaki jiko la nje tu, mvua ilikuwa imelilowesha. Blandina alikimbilia ndani kuchukua picha ya mumewe, tukamvuta nje kwa nywele. Loth akamvunja mkono wa kulia, ule wa kupakulia, kwa mpini wa jembe. Aliuweka juu ya kizingiti akampiga mara nyingi, mpaka nilisikia unalia kama kuni mbichi. Sasa tumemfungia kwenye ghala la kahawa.

Ulichoandika cha ganda na uvuguvugu nimekisikia. Nimekifikiria sana, maana siku hizi sina kazi nyingine. Sawa. Tuseme ni joto. Joto halina miguu. Liliwekwa na mtu, likatunzwa na mtu, na mtu huyo ndiye aliyemuua Evance. Wewe unamjua. Ndilo jambo lako usilotaka kuliandika.

Niandikie jina. Moja tu. Watu nimewaahidi jina kutoka maabara na wametulia kwa ajili hiyo. Ernesta anangoja hapo hapo mpaka umpe jibu. Asiporudi na jina tutajua ni Blandina na kwamba unamkingia kifua, na keshokutwa hatoki ghalani akiwa hai. Nimeapa kwa kaburi la mtoto, sirudi nyuma.

S.


Same,
26 Novemba 2023

Sifa wangu,

Funga mlango. Barua hii isome ukiwa peke yako, kisha uichome.

Mwandiko wako umenitisha kuliko maneno yako, mstari unapanda juu ya mstari. Unakunywa dengelua mchana, siyo? Kama umelewa, iweke barua hii chini, uisome kesho.

Umeapa, na Ernesta amekaa hapa mlangoni na miguu yake iliyovimba, na Blandina yuko ghalani. Sina pa kupita tena. Jina ni lako.

Ni wewe, Sifael. Uliniandikia mwenyewe siku ya kwanza, nami niliposoma nikajua, na tangu hapo nimekuwa nikizunguka kando ya hilo jambo kama mtu anayezunguka shimo. Makande yangeachwa wazi yakapoa kwenye baridi ya Suji, wachache sana wangeamka. Yangegawanywa kwenye vyombo vidogo yangepoa upesi zaidi. Wewe uliyaziba kwa majani na udongo, ukayavisha magunia, ukayawekea makaa, ukayalinda uvuguvugu usiku kucha. Ulitengeneza hicho ambacho mimi hapa nina mashine ya umeme ya kukitengeneza nikitaka kuotesha bakteria. Na asubuhi Blandina alitaka kuwasha kuni. Moto ule ungewaua. Ulimkataza.

Hukujua. Mama alifunika hivyo hivyo, na bibi pia, na mara nyingi watu hupona, ndiyo maana hakuna aliyewahi kujifunza. Ulitaka watu wale kitu cha moto kabla ya kushika jembe. Nilikupenda niliposoma mstari huo, na nikaulilia, kwa sababu ndio uliomuua.

Mfungulie Blandina sasa hivi. Halafu usijifanye kitu. Nakujua, unaweza kujigeuzia panga hilo hilo. Mtoto wangu anakuja na hana mjomba mwingine. Kaa hai hata kama hutaki, kaa kwa hasira kama huwezi kwa sababu nyingine.

Dada yako,
Raheli


Suji,
2 Desemba 2023

Mwanangu Raheli,

Naandika mimi Blandina, kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vumilia. Wa kulia umefungwa kwa vijiti na kitambaa. Polisi walifika juzi kwa miguu, wakamchukua Loth na wengine kadhaa. Sifael wamemwacha kwangu kwanza, hawezi kutembea, na askari mmoja amekaa hapa uani anakula ndizi zangu.

Utataka kujua barua yako ilisomwaje. Ulimwandikia asome peke yake. Mdogo wako haoni. Siku ya kunichomea nyumba boriti ilianguka karibu naye, cheche na majivu ya moto yakamwingia macho yote mawili. Ile barua yake ya mwisho aliandika kwa kupapasa, hakulewa, na alimkataza Ernesta asikuambie. Macho yameanza kufunguka sasa, moja nadhani limekwenda.

Kwa hiyo msomaji alikuwa Loth. Tena si chumbani. Sifael alikuwa amewaahidi watu kwamba barua ya maabara itasomwa hadharani, penye ukuta wa ndiva, na walikuja wote, na mimi nikatolewa ghalani nikasimamishwa mbele ili jina langu likitajwa niwe karibu. Loth akaanza, "Funga mlango. Barua hii isome ukiwa peke yako." Watu wakacheka. Akaendelea mpaka "Jina ni lako," akaangalia nyuma ya karatasi kana kwamba jina lingine limeandikwa huko. Sifael akasema, "Soma." Loth akasoma yote. Magunia, makaa, udongo, kuni nilizotaka kuwasha. Alisoma mpaka kwenye mtoto wako.

Nilimtazama mdogo wako wakati huo, maana yeye alikuwa hawezi kunitazama. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Ule usiku alikuwa anauhesabu, nadhani. Kisha akavua shati, akalikunja, akaliweka chini, akapiga magoti kwenye tope na kusema, "Loth, ni mimi. Piga."

Loth akapiga. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni. La pili sikuona limetoka wapi, halafu wote wakawa wanapiga, wale wale aliowaleta yeye, na wengine waliokuwa wakimwita kiongozi asubuhi ile. Walimpiga kwa majembe ya msaragambo. Hakujikinga. Nilisikia mbavu zinavunjika, najua mlio huo sasa.

Mimi ni mnene, unanijua. Nilikwenda nikamkalia. Sikusema maneno ya dini. Nilimkalia mgongoni kama mtu anavyokaa kwenye kigoda, na mkono wangu uliovunjika mapajani, nikawaambia, "Atakayempiga aanze na mimi, na leo kila mtu ajue kabisa anampiga nani." Jembe moja lilinipata begani. Aliyelishika ni jirani yangu, kijana wa kupalilia kwangu, akaliangalia jembe lake kama limetumwa na mtu mwingine. Nikawaambia tena, watu wawili wamekufa kwa sufuria yangu, wanatosha, wa tatu sitaki. Loth alikuwa ameinua jiwe la kushika kwa mikono miwili. Alikaa nalo juu mpaka mikono ikachoka. Akaliangusha kwenye ndiva, akakaa chini, akaanza kumwita baba yake. Baada ya hapo walipungua kama walivyokuja, mmoja, halafu wawili, halafu kundi zima, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Usije ukafikiri nimemsamehe. Ng'ombe wangu alikuwa na mimba. Picha ya mume wangu ilikuwa moja. Udongo wa kaburi bado nausikia kwenye meno. Nilimkalia kwa sababu nilikuwa na hasira na jambo lile lote, nikaona nisipokaa hapo halitaisha.

Na wewe nikuambie, kwa kuwa barua zako zote ninazo hapa, Ernesta alizitoa mfukoni mwa shati la Sifael tulipoondoka pale penye ndiva, nami nimezisoma taratibu. Ulijua tangu siku ya kwanza. Uliandika "tuyaache hayo." Wewe unayejua kuliko sisi sote jinsi vitu vinavyoongezeka vikiachwa kwenye uvuguvugu, ukafunika. Ulimwonea huruma mdogo wako na siku hizo zote watu wake walikuwa wanajigawa, na mimi nilikuwa huku. Ungeandika jina katika ile barua yako ya kwanza, walikuwa wawili tu na wanaenea kwenye benchi. Mkono wangu ungekuwa mzima. Usinijibu kwa kuniomba radhi. Radhi ya karatasi siitaki.

Irine amerudi kwao. Sifael amelala katika jiko langu la nje, ndicho chumba nilichobakiwa nacho, kwa hiyo tunalala humo wote wawili, muuaji wa ng'ombe wangu upande wa mlango, mimi upande wa mafiga. Alikataa kula. Kila nilichomletea aligeukia ukuta, akasema chakula hana haki nacho. Nikamwacha nione. Jana nikaona anaanza kuwa mwepesi, kama alivyosema Evance alikuwa.

Leo nimepika makande. Majirani wameleta mahindi bila kuingia ndani, wanaweka mlangoni wanaondoka. Yalipoiva nikayaacha yapoe wazi, nikayagawa kwenye mabakuli, na jioni nikayarudisha motoni mbele ya uso wake asikie yanavyotokota. Nikamwambia, ulinilisha wewe kwa kidole, leo ni zamu yangu, fungua mdomo. Akafunga. Nikamshika taya kwa mkono huu huu ninaoandikia. Analia, Raheli, analia kama anavyolia mtu asiye na macho, uso mzima. Akafungua. Nikamlisha. Alimeza. Nikamlisha tena, na nilikuwa natetemeka kwa chuki, na sikumwaga hata tone.

Lakini mkono wa kushoto unachoka upesi, na wa kulia hautashika mwiko tena. Barabara ikifunguka panda, uje na mtoto wako mgongoni. Sufuria iko hapa, imebonyea lakini haivuji. Kumlisha mdogo wako sasa ni kazi yako.

Blandina